Sikwensa ya hatua nane na oktava zinazopungua

"Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Mikindani, na polepole nimekusanya kasha dogo la sinthesaiza ya moduli, ala ya umeme inayoundwa kwa vipande vinavyounganishwa kwa waya: osileta mbili za kutoa mlio, filta ya kuchuja sauti, envelopu moja ya kupanga kila noti ianze na iishe vipi, na moduli ya kukuza sauti. Sikwensa yangu, mashine inayopiga noti kwa zamu, ni ile ya kawaida yenye nobu 16 za kuzungusha, mistari miwili ya hatua nane, haina skrini. Mstari wa kwanza nimeupeleka kwenye osileta zote mbili kwa waya wa kugawa. Osileta zinaelewana zenyewe kwa zenyewe, lakini nikipiga pamoja na kinanda cha kaka yangu, noti za chini zinakubali na za juu zinakuwa chini kidogo, na mchana hali inazidi. Nikichomoa osileta moja, iliyobaki inapanda. Pili, mara nyingine envelopu inaamka kwa noti ya kwanza tu, kisha hatua zote zinaungana kuwa mlio mmoja mrefu. Tatu, ninatafuta mdundo unaokaribia ngoma nilizokua nazo, na hii nane nane hainipi. Rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam ananishauri niiuze, nitafute sikwensa kubwa yenye skrini na hatua 64. Je, mashine yangu ni mbovu, au mimi ndiye nisiyejua kuitumia?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja, na nyuma yake naisikia hofu moja: kwamba umetumia fedha zako kununua kitu duni, na kwamba tiba yake ni kutumia fedha nyingine zaidi. Kwa namna ulivyoeleza, sikwensa yako ni nzima. Tena umenipa dalili ambayo watu wengi huwa hawaioni, pale uliposema kwamba ukichomoa osileta moja, iliyobaki inapanda. Sentensi hiyo imenisaidia kuliko picha kumi za kasha lako.

Kwanza tuondoe dhana ambayo nadhani ndiyo inayomfanya rafiki yako akushauri hivyo. Sikwensa ya nobu haina sauti wala noti ndani yake. Kila inapofika kwenye hatua, hutoa vitu viwili tu: volteji, ambayo ndiyo inayoiambia osileta ipande au ishuke kiasi gani, na geti, ambalo ni umeme unaowashwa na kuzimwa ili envelopu ijue noti imeanza lini na imekwisha lini. Mpango unaotumika ni ule ulioenezwa na mashine za Robert Moog huko Marekani katika miaka ya 1960, kwamba volti 1 ni oktava 1, yaani kutoka noti moja hadi ile ya jina lilelile iliyo juu yake. Katikati ya miaka ya 1990 Dieter Doepfer wa Ujerumani alipoanzisha mfumo wa moduli ndogo zenye urefu wa milimita 128.5 na matundu ya jeki ya milimita 3.5, aliuchukua mpango huohuo, na karibu moduli zote ndogo zinazouzwa leo zinaufuata. Kwa kuwa oktava ina nusu toni 12, nusu toni moja ni volti 0.083. Kiasi hicho ni kidogo sana, na hapo ndipo tatizo lako la kwanza lilipojificha.

Fikiria bomba la maji la uani. Ukilifungua peke yake, maji yanatoka kwa nguvu. Jirani akifungua la kwake kwenye mstari huohuo, lako linapungua. Tundu la kutolea volteji kwenye sikwensa nyingi lina rezista ndogo ndani yake, kipande kinachozuia umeme, mara nyingi ya omu 1,000, iliyowekwa kuilinda mashine usije ukachomeka waya mahali pasipofaa. Tundu la kupokelea kwenye osileta nalo lina ukinzani wake, ambao kwa kawaida ni omu 100,000. Vikikutana viwili hivyo, volteji hugawanyika kati yao: osileta hupata sehemu 100 kati ya 101, na ile moja hubaki njiani. Sasa wewe umechomeka osileta mbili kwa waya wa kugawa. Zikikaa sambamba, ukinzani wao kwa pamoja unakuwa omu 50,000, na kila moja inapata sehemu 50 kati ya 51. Karibu asilimia moja nyingine imepotea, na imepotea papo hapo ulipochomeka.

Asilimia moja ni jambo dogo sokoni, lakini sikio halikubali. Wanamuziki hugawa nusu toni moja katika senti 100, kwa hiyo oktava nzima ni senti 1,200. Ukiwa umelinganisha osileta yako na kinanda ikiwa peke yake, kisha ukaongeza ya pili, noti iliyoko volti 1 itashuka kwa takriban senti 12, na wengi hawataisikia. Ya volti 2 itashuka senti 23, ambapo utaanza kukunja uso. Ya volti 3 itashuka senti 35, yaani zaidi ya theluthi ya nusu toni, na hapo hata mtu asiyejua muziki atageuza shingo. Ndiyo maana noti zako za chini zinakubali na za juu zinakataa, maana hasara inahesabiwa kwa volti na huongezeka kadiri unavyopanda. Osileta zenyewe zinaelewana kwa sababu zote mbili zinaibiwa sawasawa. Aliyebaki na hesabu sahihi ni kinanda cha kaka yako peke yake.

Tiba za hapo ni tatu, na nitakwambia ninavyoziona. Iliyo bora ni moduli ndogo ya bafa, ambayo hupokea volteji moja na kuitoa kwenye matundu kadhaa, kila moja likiwa na nguvu yake yenyewe, hivyo osileta ya pili haimpunguzii ya kwanza. Ni moduli nyembamba na ni miongoni mwa za bei ya chini. Hakikisha tu muuzaji ameandika kwamba ina bafa, kwa sababu zipo nyingine zenye sura hiyohiyo ambazo ndani yake ni waya mtupu, hazina tofauti na huo wa kwako. Ya pili haina gharama: iache osileta ya kwanza kwenye mstari wa kwanza wa nobu, ya pili iweke kwenye mstari wa pili, kisha upange noti zilezile mara mbili. Utaupoteza mstari wa pili kwa kazi nyingine, lakini utajua kwa uhakika kama nimekuambia kweli. Ya tatu ni kuzirekebisha osileta zote mbili kwa skrubu zake ndogo huku zote zikiwa zimechomekwa. Inafanya kazi, ila umejifunga, kwani siku utakapochomoa moja, nyingine itaruka juu na utaanza upya. Mimi siipendi.

Kuhusu mchana, hilo ni jambo jingine, na ni vizuri usilichanganye na la waya. Katika osileta ya analogi kuna jozi ya transista inayofanya masafa, yaani kasi ya mtetemo wa sauti, yawe maradufu kwa kila volti, na transista hizo kwa maumbile yake zinasikia joto. Bila kinga, kila nyuzi 1 ya sentigredi huipunguza oktava kwa asilimia 0.33, yaani senti 4, na kwenye oktava ya tatu zinakuwa 12. Watengenezaji huweka rezista maalumu inayobadilika kufuatana na joto ili kufuta kosa hilo, na zipo osileta zinazofanya hivyo vizuri na zipo zinazojaribu tu. Chumba cha bati karibu na bahari mwezi wa Novemba, saa nane mchana, si chumba kilekile cha saa moja asubuhi. Washa kasha lako dakika 20 hadi 30 kabla ya kulinganisha sauti, lisikae kwenye jua la dirishani, na feni isilipulizie upande mmoja. Wapiga ngoma wetu hukanza ngozi motoni kwanza ndipo waanze. Nawe usiguse skrubu ya osileta ambayo bado inapata joto. Namna ya kutofautisha ni rahisi: kosa la waya hutokea mara tu unapochomeka, ilhali la joto huja polepole.

Nitapita haraka kwenye mambo mawili unayopaswa kuyakagua ili kuondoa shaka. Baadhi ya sikwensa ndogo zinaweza kutoa volteji kwa mpango mwingine, ule wa herzi kwa volti uliokuwa ukitumiwa na sinthesaiza za zamani kama Korg MS-20. Katika mpango huo, kutoka volti 1 hadi 2 ni oktava moja, sawa na wako, lakini oktava inayofuata iko volti 4, na osileta yako ingeisoma kama kuruka oktava mbili. Hukulalamikia kuruka, kwa hiyo sidhani kama ndipo ulipo. La pili ni upana wa nobu. Nobu nyingi huzunguka takriban nyuzi 300. Ikiwa umeiweka itoe volti 0 hadi 5, nusu toni 60 zimebanwa humo, na kila moja inapata nyuzi 5 tu, kiasi cha mtetemo wa kidole. Ipunguze hadi volti 1 au 2 kama mashine inaruhusu, na kama ina kwantaiza, yaani kile kinachosogeza kila noti hadi kwenye nusu toni iliyo karibu, kiwashe. Kumbuka tu kwamba kwantaiza hunyoosha volteji kabla haijatoka. Ikishapungua njiani kwenye waya, haijui.

Suala la noti zinazoungana ni geti lisilofungwa. Chukua mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, ukigawa kila pigo katika hatua nne: kila hatua inadumu milisekunde 125. Geti likiwa limepangwa kwa nusu ya hatua, hukaa juu milisekunde 62 hivi, linashuka, linapumzika, kisha linapanda tena kwa noti inayofuata. Ukilizungusha hadi mwisho, halishuki kabisa. Envelopu huamka pale tu inapoona umeme umetoka chini kwenda juu, na kama haukushuka, kwake noti ya kwanza bado inaendelea, hata kama volteji inabadilika na osileta inatii. Wanaopiga besi ya kuteleza hulifanya jambo hilo makusudi. Tafuta kwenye sikwensa yako nobu ya urefu wa geti, ambayo ni rahisi kuigusa kwa kiwiko bila kujua, na uirudishe hadi katikati. Lakini ukiona kinyume chake, sauti inalia pale ulipozima hatua na kunyamaza pale ulipoiwasha, ujue geti limewekwa kwa mpango wa kinyume uliotumiwa na baadhi ya sinthesaiza za zamani, na marekebisho yake yako kwenye vipengele vya sikwensa yenyewe.

Sasa nije kwenye mdundo, ambao naona ndio uliokusukuma kuandika. Watu wengi wakiona nobu nane huamini kwamba mashine imewahukumu kwenda nane nane. Siyo. Kuna tofauti kubwa kati ya hatua iliyonyamazishwa na hatua iliyorukwa. Iliyonyamazishwa haitoi geti lakini inakula muda wake. Iliyorukwa haipo kabisa katika mzunguko. Sikwensa nyingi ndogo zina namna ya kuruka hatua. Ruka ya saba na ya nane, na tayari una mzunguko wa sita, na sita ndiyo namba inayogawanyika kwa mbili na kwa tatu bila ugomvi.

Fanya hivi leo jioni, bila kununua chochote. Chomoa osileta ya pili. Washa geti kwenye hatua zote sita. Kwenye mstari wa kwanza, unaokwenda kwenye osileta, weka noti ya juu kwenye hatua ya 1, ya 3 na ya 5, na noti ya chini kwenye ya 2, ya 4 na ya 6. Mstari wa pili uutoe kwenye osileta kabisa, uupeleke kwenye tundu la filta: nobu ya 1 na ya 4 uzipandishe, nyingine nne uziache chini. Anzisha polepole. Noti za juu zinakuja mara tatu katika mzunguko, zikigawana muda sawa. Filta inafunguka mara mbili, nayo ikigawana muda sawa. Sikio moja linasikia tatu na jingine linasikia mbili, na zinakutana kwenye hatua ya kwanza tu. Ukicheza nayo, mguu utafuata filta na bega litafuata noti. Sidai kwamba hiyo ni sindimba, kwa sababu ngoma ina watu, na watu wanajibizana, jambo ambalo nobu haziwezi. Lakini tatu ndani ya mbili ni mlango mzuri wa kuingilia, na mashine yako unayotaka kuiuza imekufungulia kwa nobu 12.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, moduli ambayo ningeinunua kabla ya sikwensa yoyote kubwa ni kigawanya mapigo. Sikwensa inasogea hatua moja kila inapopokea pigo la saa, yaani umeme mfupi unaohesabu mwendo. Kigawanya mapigo hupokea mapigo hayo na kutoa moja kwa kila mawili, kila matatu, kila manne na kadhalika. Tuseme unatoa mapigo 12 kwa sekunde 2. Tundu la kugawa kwa tatu litatoa manne, la kugawa kwa nne litatoa matatu, na yote yatakutana tena baada ya 12, huku mzunguko wako wa hatua sita ukiwa umezunguka mara mbili kamili. Tafuta kigawanya chenye tundu la kuanza upya, la sivyo ukisimamisha na kuanzisha tena vitu havitaanzia mahali pamoja. Hesabu hizohizo ndizo zitakazokuokoa siku ukiunganisha mashine ya ngoma: kama inatuma mapigo mawili kwa kila pigo la muziki na sikwensa yako inategemea manne, sikwensa itatembea nusu mwendo, na hakuna kilichoharibika.

Vipi kuhusu hatua 64 za rafiki yako? Nisimdharau. Sikwensa kubwa inahifadhi nyimbo, inaweza kuendesha sauti kadhaa kwa pamoja, na kama una onyesho lenye nyimbo kumi na unatakiwa kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine bila kusimama, ya nobu itakuaibisha. Nimepiga nayo kwenye sherehe moja mjini Lindi, na kati ya wimbo na wimbo nilikuwa nikizungusha nobu huku bwana harusi akinitazama. Lakini kwa mtu mwenye osileta mbili na envelopu moja, mashine ya namna hiyo itakuwa na njia nyingi za kutolea kuliko vitu vya kupokea. Urefu wenyewe unapatikana kwa njia nyingine. Ukiwa na sikwensa ya pili ndogo, ukaipa pigo moja kwa kila nane ya kwanza, na volteji yake ukaijumlisha na ya kwanza, muziki wa hatua nane utahamishwa mahali papya mara nane, na hatua 64 zitakuwa zimepita kabla haujajirudia. Osileta nyingi zina tundu la pili la volteji lenye nobu ya kupunguza. Tumia hilo kujumlishia, na uirekebishe nobu yake kwa sikio hadi volti 1 iwe oktava 1. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: huku kwetu umeme ukikatika katikati ya kazi, nobu hubaki pale ulipoziacha, wakati kwenye skrini kazi usiyoihifadhi inaweza kuondoka na umeme.

Kuna kazi ambazo sitaki uzifanye peke yako. Kulinganisha sauti, kupima volteji kwa mita na hata kuzungusha skrubu ya osileta ni kazi zako. Lakini kama kasha lako linapokea umeme wa ukutani moja kwa moja, si kupitia adapta, ndani yake kuna volti 230. Usilifungue likiwa limechomekwa, na ikiwa tatizo liko kwenye kipande hicho cha umeme, mpelekee fundi. Vivyo hivyo ukisikia harufu ya kuungua, au ukipima njia ya volti 12 ukakuta imeshuka hadi 11 na kitu. Na utakapoongeza bafa au kigawanya mapigo, zima kasha kwanza, kisha angalia utepe wa waya nyuma ya moduli: mstari mwekundu kwa kawaida unakaa upande wa volti hasi 12, ila soma alama zilizochapwa kwenye bodi yenyewe, kwa sababu si wote wanaofuata kawaida. Mimi niliwahi kuugeuza utepe mmoja usiku, nikiwa na haraka na tochi ya simu mdomoni, na filta niliyoisubiri miezi miwili ilitoa moshi kabla sijaisikia hata mara moja.

Fundi yeyote mzuri wa redio na televisheni mjini Mtwara anaweza kukusaidia, hata kama hajawahi kuiona sinthesaiza ya moduli, mradi usimwambie kwamba "sauti haikai". Mpelekee namba. Panga sikwensa itoe volti 1, kisha 2, kisha 3. Kila mara pima kwa mita kwenye ncha ya waya, kwanza ikiwa na osileta moja, halafu zikiwa mbili, na uandike vipimo sita kwenye karatasi. Ikiwa ile ya volti 3 inashuka hadi karibu 2.97 ukiwa na osileta moja na karibu 2.94 zikiwa mbili, huna haja ya kwenda kokote; agiza bafa. Ikiwa mita inasoma 3 kamili katika hali zote mbili na noti bado ziko chini, basi nimekosea kuhusu sikwensa, na kinachohitaji kuonwa ni osileta.